Fizikia ya Rafu: Mwongozo wa Kumtambua Mpangaji Bora wa Bidhaa, kwa Mifano ya Kebirigo

Rafu ya duka ni mtambo wa fizikia unaofanya kazi mchana kutwa, na mpangaji wa bidhaa ndiye fundi wake. Ubora wa kazi yake haupimwi asubuhi duka linapofunguliwa, kwa kuwa saa hiyo kila rafu hupendeza. Hupimwa alasiri, mikono ya wateja ikishapita, na kipimo chenyewe ni kimoja: je, pakiti moja inaweza kuondolewa mahali popote na zilizobaki zikakaa? Rafu isiyostahimili hilo ni pambo, hata ipigwe picha namna gani. Sifa nyingine zote za ufundi huu hutoka katika swali hilo.

Kebirigo pana kila kinachohitajika kwa somo hili. Soko hili la Kaunti ya Nyamira liko kando ya barabara itokayo Kisii, ikapita mji wa Nyamira na kuelekea Chemosit na Kericho, katikati ya mashamba ya majani chai. Ndani ya mwendo mfupi wa miguu mtu hukuta duka la kaunta lenye wavu, duka la jumla lenye beli za unga hadi karibu na mabati, supamaketi ndogo ambako mteja hujichukulia mwenyewe, na nje yake akina mama wenye mafungu ya nyanya juu ya gunia. Mvua haikauki muda mrefu, kiwanda cha chai kiko papo hapo, na bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo rafu za hapa hupitia majaribio yote matatu: unyevu, uzito na pesa.

Kani ya kwanza ya kuzingatiwa ni graviti, isiyolipwa mshahara wala kuomba likizo. Isaac Newton alichapisha kanuni yake mwaka 1687, na tangu hapo hakuna mpangaji aliyeshinda rufaa dhidi yake. Watu wa Kebirigo wana nafuu kidogo. Dunia imebonyea kwenye ncha na kufutuka kiunoni, hivyo mvuto wake karibu na ikweta ni hafifu kuliko kwenye ncha. Beli ya unga ya kilo 24, yaani pakiti 12 za kilo mbili mbili, ikitundikwa kwenye mizani ya springi katika Ncha ya Kaskazini kisha Kebirigo, itasomeka pungufu kwa gramu 130 hivi. Mgongo wa mbebaji haujawahi kuitambua tofauti hiyo. Mizani ya mawe haiioni pia, maana mawe yenyewe yamepata nafuu ile ile.

Ukaguzi wa kweli huanza stoo, ambako wateja hawafiki na mpangaji hana wa kumwonea haya. Huko kinachotazamwa ni katoni. Watu wengi hudhani katoni hubeba kwa mwili wake wote; kumbe sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika pembe nne na kingo za wima, na katikati ya ubavu hakuna nguvu ya kutegemewa. Mpangaji anayelijua hilo huweka pembe juu ya pembe, nguzo juu ya nguzo. Anayependa urembo hupishanisha kwa mtindo wa matofali, hadi pembe ya katoni ya juu ikatua juu ya tumbo laini la katoni ya chini. Rundo la kupishana halipinduki upesi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu huonekana imara zaidi huku likiwa limepoteza hadi karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba. Mafundi wazoefu hufanya mapatano: tabaka za chini husimama pembe juu ya pembe, na tabaka moja au mbili za juu hupishanishwa ili zifunge rundo lisiyumbe. Mkaguzi akikuta mpango huo stoo, na hasa akiukuta mahali pasipoonekana na meneja, ana haki ya kutarajia mema huko mbele.

Halafu kuna unyevu. Karatasi hunywa maji ya hewani, na katoni iliyokaa wiki kadhaa kwenye hewa nzito hubaki na sehemu tu ya nguvu iliyotoka nayo kiwandani. Sakafu ya saruji katika nyanda za juu hutoa jasho asubuhi, na ukuta unaopigwa na mvua hufanya hivyo siku nzima. Dalili yake ni katoni ya chini kuota kiuno. Katika karne ya 18 Leonhard Euler alionyesha kwamba nguzo nyembamba ikizidiwa haisagiki polepole. Hupinda mara moja. Ubavu wa katoni hufuata kanuni hiyo, na mara moja yake hupenda kuja usiku, mlinzi akiwa shahidi pekee. Stoo nzuri huwa na mbao chini ya kila rundo, na kati ya rundo na ukuta huwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Nafasi hiyo huwaudhi wenye duka, wanaoona ni hasara ya mahali pa katoni nyingine mbili.

Muda nao ni mzigo. Katoni inayobeba uzito fulani kwa saa moja bila wasiwasi inaweza kushindwa na uzito huo huo ikiubeba mwezi mzima. Kebirigo jambo hili hujitokeza wakati wa bonasi ya chai, ambayo KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, huwalipa wakulima kwa kawaida Oktoba. Wenye maduka huanza kujaza stoo mapema, matumaini yakiwa marefu kuliko dari. Mpangaji hodari wa msimu huo hujulikana kwa kukataa. Humwambia mwenye duka kwamba rundo limefika mwisho, naye hukumbushwa kwamba katoni zimelipiwa. Euler hakuacha mlinganyo wowote wa kumsaidia mpangaji katika mazungumzo hayo.

Baada ya stoo hufuata ubao wa rafu yenyewe. Katika maduka mengi ya sehemu hizi rafu hutengenezwa na seremala wa jirani kwa mbao za saipresi au za mkaratusi, na makosa yake ni ya hesabu kuliko ya randa. Ubao uliobeba bidhaa kutoka mwanzo hadi mwisho hushuka katikati kwa kadiri ya urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Maana yake, ubao wa futi nane, wenye uzito ule ule kwa kila futi, hushuka mara 16 ya ubao wa futi nne. Unene hufanya kinyume: ukiongezwa maradufu, mshuko hupungua mara nane. Kwa hiyo mhimili mmoja wa katikati, kipande cha mbao cha bei ya soda, hufanya kazi kubwa kuliko kununua mbao mpya nene, na mkaguzi asiyeuona mhimili huo kwenye rafu ndefu ya sukari hana sababu ya kuendelea kuwa mpole.

Mshuko hauonekani kirahisi kwa kuutazama ubao, kwa kuwa jicho huzoea. Njia ya wajuzi ni kusimama mwisho wa rafu, kuinamisha kichwa hadi usawa wa bidhaa, na kufuata mstari wa maandishi ya pakiti. Jina la kampuni linaloanza usawa wa jicho, likazama katikati na kuibuka upande wa pili, ni kipimo kinachotosha. Robert Hooke, aliyegundua kwamba mnyumbuko huenda sambamba na kani inayouleta, aliificha kanuni yake mwaka 1676 ndani ya fumbo la herufi zilizopangwa kialfabeti, akalifumbua mwaka 1678. Mbao hazina siri za namna hiyo. Tena zimemzidi Hooke kwa jambo moja: ubao uliobebeshwa mwaka mzima huendelea kushuka hata bila kuongezewa pakiti, na mzigo ukiondolewa haurudi wote. Rafu iliyobonyea ikiwa tupu ni kumbukumbu ya bidhaa nzito za zamani. Fundi mzuri huugeuza ubao wake juu chini, akaupa mwaka mwingine wa kunyooka.

Juu ya ubao huja pakiti, na hapa ndipo msuguano unapotawala. Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano hutegemea uzito unaokandamiza nyuso mbili na aina ya nyuso zenyewe, na hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Wapangaji wachanga hawamwamini. Hulaza pakiti ya sukari chali wakidhani tumbo pana litashika zaidi. Kulaza kuna faida, lakini faida yenyewe ni ya kushusha kitovu cha uzito ili pakiti isipinduke. Kuteleza kutabaki vile vile. Unga wa mahindi ulio katika karatasi hushikana karatasi kwa karatasi, na rundo lake huvumilia bega la mteja. Chumvi na sukari zilizo katika plastiki laini huteleza kwa mguso mdogo. Anayetaka uhakika huweka pakiti mbili juu ya kipande cha ubao na kukiinua upande mmoja: pembe ambayo ya juu inaanza kuteleza ndiyo kipimo cha msuguano wa jozi hiyo, bila kikokotoo. Rafu inayoweka plastiki juu ya plastiki hadi tabaka la sita imepangwa na mtu mwenye imani kubwa.

Kuna hila moja ya msuguano ambayo watoto wa Kebirigo wanaijua kuliko wanafunzi wa kidato cha nne. Pakiti ya katikati ikivutwa polepole, huja na za juu yake. Ikichomolewa kwa ghafla, za juu hubaki na kushuka wima. Sababu ni inesha: kitu kilichotulia hupenda kuendelea kutulia, na mvuto wa haraka hauachi muda wa kutosha kukisukuma. Lakini duka halipaswi kutegemea wateja wenye ujuzi huo. Mpangaji bora hujenga safu wima fupi zinazojitegemea, tabaka tatu au nne, kisha huacha juu yake nafasi ya kupitisha mkono. Nafasi hiyo ndiyo inayomtofautisha na mjazaji tu. Rafu iliyojaa hadi kwenye ubao wa juu haina pakiti ya kwanza ya kuchukuliwa, na mteja wa kwanza hulazimika kuwa mvunjaji.

Makopo yana kishawishi chao. Hesabu inaruhusu vitu vinne bapa, vyenye urefu sawa, kupangwa kila kimoja kikichomoza mbele ya cha chini yake hadi cha juu kabisa kikawa chote nje ya ukingo wa meza: nusu ya urefu, jumlisha robo, jumlisha sehemu moja ya sita, jumlisha sehemu moja ya nane, jumla yake ikizidi kidogo urefu mmoja kamili. Ni kweli, na ni sababu ya kutomwambia mpangaji mpya. Kinachotazamwa kwenye makopo ni kimoja tu, kipande cha katoni kati ya tabaka na tabaka.

Upangaji wa hali ya juu zaidi Kebirigo hauko ndani ya duka lolote. Uko nje, kwenye gunia lililotandikwa, ambako nyanya hupangwa mafungu. Fungu dogo ni nyanya tatu chini na moja juu. Lenye heshima ni nne chini na moja juu. La maonyesho, lisilouzwa hadi jioni, huwa na kitako cha nne kwa nne na kupanda hadi kilele kimoja, jumla nyanya 30. Johannes Kepler alidai mwaka 1611 kwamba hakuna namna ya kushindilia mipira iliyo sawa inayoshinda hiyo, ambayo kila tabaka hutua katika mabonde ya tabaka la chini na kujaza asilimia 74 ya nafasi. Swali lilikuwa limemfikia kupitia kwa Thomas Harriot, aliyeulizwa na Walter Raleigh kuhusu kupanga risasi za duara za mizinga ya merikebuni. Dai hilo lilikaa karibu miaka 400 bila uthibitisho. Thomas Hales alitangaza uthibitisho mwaka 1998, wakaguzi wa jarida wakaushughulikia kwa miaka kisha wakasema wana uhakika wa asilimia 99, ukachapishwa mwaka 2005, na asilimia iliyobaki ikamalizwa na kompyuta mwaka 2014. Muda huo wote akina mama wa sokoni walikuwa wakiuza kwa uhakika wa asilimia 100.

Kutathmini fungu kunahitaji kuinama. Kwanza hutazamwa kitako. Uzito wa nyanya ya juu haushuki wima tu. Huzisukuma za chini zitawanyike, na kinachozizuia ni msuguano wa gunia pamoja na kushikana kwao. Kwa hiyo gunia la nyuzi ni bora kuliko karatasi ya nailoni, na mama aliyetandika nailoni kwa ajili ya usafi huonekana akizungushia kitako kamba au kikapu kilichokatwa. Pili hutazamwa ukubwa. Kanuni ya Kepler ni ya mipira iliyo sawa, na nyanya moja kubwa kwenye kona ya kitako huharibu mabonde yote ya juu yake. Fundi huchambua kabla ya kupanga: kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, na zilizoiva sana huwekwa kileleni, ambako hazibebi kitu na zitatoka kwanza. Wapo wanaosema zilizoiva huwekwa juu ili kumvutia mnunuzi. Sababu zote mbili ni sahihi, na ni nadra fizikia na biashara kukubaliana hivyo.

Fungu lililopangwa vizuri lina udhaifu mmoja wa kimaumbile, nao ni mnunuzi mwenye kidole. Huja, hutazama kilele kizuri alichowekewa, kisha huelekeza chini na kusema, “Mama, nipe ile.” Piramidi ni muundo pekee sokoni unaovunja kipimo kikuu cha mwongozo huu, kwa kuwa pakiti ya popote haiwezi kutolewa. Wauzaji wamelitatua hilo kwa sheria badala ya fizikia: fungu huuzwa lote au haliuzwi. Mfumo wa bei hapa unafanya kazi ya nguzo, na mkaguzi asiyeliona hilo atampa mama alama pungufu bila haki.

Parachichi, ambazo Nyamira na Kisii zinazo kwa wingi, hazimtii Kepler, maana si duara. Hata hivyo maumbo yaliyorefuka au kubonyea kidogo yana faida. Mwaka 2004 watafiti wa Princeton walionyesha, wakitumia peremende za M&M's, kwamba maumbo ya namna hiyo yakimwagwa ovyo na kutikiswa hushindiliana kuliko mipira iliyomwagwa ovyo, ambayo huishia kwenye asilimia 64 hivi. Muuzaji wa parachichi anayemwaga kwenye beseni na kulitikisa mara mbili hajakosa bidii. Amechagua njia inayofaa umbo. Ila tunda lililokaribia kuiva halipaswi kutikiswa hata mara moja, liwe la Princeton au la Kebirigo.

Kutikisa huleta jambo jingine, kwenye magunia yaliyo wazi ya maharagwe na njugu karanga. Punje zinapotikiswa, ndogo hupenya kwenye nyufa na kushuka, na kubwa hupanda juu. Wanafizikia huita hali hiyo athari ya njugu za Brazili. Gunia lililosafiri kwa pikapu kutoka mbali hufika limejipanga lenyewe: punje nono juu, vumbi na vipande chini. Muuzaji hana hatia, barabara ndiyo iliyopanga. Ila muuzaji anayeteka daima kwa juu hadi saa sita, kisha akawauzia wa jioni kilichobaki chini, anajua anachofanya. Ubora hapa huonekana kwenye mkono unaozamishwa hadi kiwiko na kugeuza gunia kabla ya kupima gorogoro.

Kwenye vyakula vya pakiti, mwinuko wa nyanda za juu huleta kosa linalowakamata hata wakaguzi wazoefu. Kanieneo ya hewa Kebirigo ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Pakiti ya krispi iliyofungwa Mombasa hufika imevimba, kwa kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662: hewa iliyofungiwa hutanuka kanieneo ya nje ikipungua. Iliyofungwa Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600, huvimba kidogo tu. Kwa hiyo tumbo la pakiti ya krispi ni cheti cha mahali ilipofungwa, na mteja hana la kuhofia. Lakini tumbo hilo hilo kwenye pakiti ya mtindi au ya juisi ni habari nyingine, maana huko kinachotanua ni gesi ya vijidudu, ambao hawakumsoma Boyle. Mpangaji bora hujua wa kumwacha na wa kumtoa. Asiyejua hufanya moja kati ya mawili: huuza mtindi uliooza kwa kisingizio cha milima, au hutoboa pakiti za krispi kwa pini ili zikae vizuri.

Majani ya chai yanastahili kutajwa peke yao, hasa mahali ambapo wateja wengi wameyachuma kwa mikono yao wenyewe. Chai kavu hunyonya harufu, na harufu husambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache, alivyoeleza Adolf Fick mwaka 1855. Sabuni ya kufulia iliyowekwa rafu moja na majani ya chai hufanya kazi usiku na mchana, kupitia karatasi, bila kuguswa na mtu. Katika miji mingine kosa hilo hupita. Kebirigo mteja huonja, hunyamaza, na kesho yake hununua duka la pili.

Safu ya mbele ndiyo inayoonekana, na ndiyo inayodanganya. Desturi ya kuvuta bidhaa mbele ili rafu ionekane imejaa ni halali pale inapofanywa jioni kabla ya kujaza tena. Ikifanywa kila siku, nyuma hubaki ombwe. Aristotle alifundisha kwamba maumbile hayavumilii ombwe. Evangelista Torricelli akalitengeneza ndani ya mrija wa zebaki katika miaka ya 1640. Nchini Kenya lilionekana na umma mwaka 2017, rafu za Nakumatt zilipobaki wazi baada ya wasambazaji wasiolipwa kuacha kuleta bidhaa. Kampuni hiyo iliyoanza kwa kuuza magodoro Nakuru ilikuwa imefikia matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Wateja wengi waliisoma habari hiyo kwenye rafu kabla ya kuisoma gazetini. Ndiyo maana mkaguzi hutia mkono nyuma ya safu ya kwanza. Akigusa pakiti, vyema. Akigusa ubao, atafute pia tarehe, kwa kuwa duka lisilo na mali ya nyuma halina pia mzunguko.

Tarehe ni suala la uelekeo wa wakati. Mteja huchukua mbele, kwa hiyo mali mpya lazima iingie nyuma, na maziwa ya jana yasogee mbele. Mpangaji mvivu husukuma mpya mbele, naye hutengeneza nyuma ya friji eneo ambalo wakati umesimama. Ukaguzi ni rahisi: hutolewa pakiti ya kwanza na ya mwisho, na tarehe zake hulinganishwa. Ikiwa ya nyuma ndiyo kongwe, hakuna urembo wa mbele utakaoifidia. Wateja wa Kebirigo wanaofahamu jambo hili huchukua mkate wa nyuma moja kwa moja, na kwa kufanya hivyo huvuruga hata rafu iliyopangwa kwa uadilifu.

Uvurugaji huo ndio kanuni ya pili ya thamodainamiki, ambayo Rudolf Clausius aliipa istilahi ya entropia mwaka 1865. Aina kumi za sabuni zinaweza kupangwa kwenye mstari kwa namna 3,628,800, na msimamizi anaikubali moja. Mteja anayeshika sabuni, akainusa na kuirudisha karibu na alipoitoa hana nia mbaya. Njia za kukosea ni nyingi tu. Katika duka la kaunta, mwenye duka peke yake ndiye anayegusa, na entropia hupanda taratibu. Supamaketini hupanda tangu mlango unapofunguliwa, na hupanda kasi zaidi shule zikikaribia kufunguliwa, wakati kila mtoto anapolinganisha madaftari yote. Matokeo yake yanakaribia kanuni ya Werner Heisenberg ya mwaka 1927: mteja anaweza kujua bei ya bidhaa au mahali ilipo, lakini si vyote kwa pamoja, kwani kibandiko cha bei kimebaki na bidhaa imehama.

James Clerk Maxwell aliwazia mwaka 1867 kiumbe mdogo anayekaa mlangoni akichambua chembe za kasi na za polepole, na kurudisha mpangilio bila kutoa jasho. Baadaye kiumbe huyo aliitwa jini la Maxwell. Mpangaji wa bidhaa ni jini hilo lililoajiriwa. Rolf Landauer alionyesha mwaka 1961 kwamba kufuta kumbukumbu kunagharimu nishati, na hapo ndipo ilipo sababu ya jini kutofanya kazi bure: kumbukumbu yake lazima ifutwe ili ichukue habari mpya. Mpangaji lazima ausahau mpango wa jana msimamizi anapobadilisha rafu ya sabuni, na nishati ya kusahau hupatikana kwenye chai ya saa nne na mandazi. Duka linalokata chai hiyo kwa kubana matumizi linapingana na Landauer, na dalili huonekana kwenye rafu kabla ya saa sita. Mkaguzi anaweza kukadiria ubora wa usimamizi wote kwa kutazama kama mpangaji anarudisha sabuni iliyopotea akiwa njiani kufanya jambo jingine. Anayefanya hivyo bila kuagizwa hupanga hata anapopita.

Hubaki rafu ya juu kabisa. Pakiti ya unga ya kilo mbili iliyowekwa mita mbili kutoka sakafuni huhifadhi jouli 39, nazo hulipwa zote kwa mkupuo: hushuka kwa sehemu sita hivi za kumi za sekunde na kufika chini kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Mtu aliyeinama kuchagua chumvi hana muda wa kumalizia neno. Hivyo juu huwekwa karatasi za msalani, mabeseni ya plastiki, mifagio na krispi, yaani vitu vikubwa kwa macho na vyepesi kwa graviti. Vya chupa hushuka chini ya kiuno, na unga hukaa kati ya goti na kifua, mahali mgongo unapoudhibiti. Kwenye ukingo wa ubao huo wa juu mafundi hupigilia kipande chembamba cha mbao kinachosimama kama inchi moja, ili kitu kinachotambaa polepole kwa mtikisiko wa malori ya majani chai barabarani kikute kizuizi. Mkaguzi hukipapasa kipande hicho kwa kidole, toka mwisho mmoja hadi wa pili, na kuhesabu misumari.